Ua Lililoota Katika Jiwe la Chokaa

Hapana nchi katika dunia hii ambayo Mwenyezi Mungu hakuipa mimea yake. Nchi nyingine zimepewa mitende, nyingine mikarafuu, nyingine mizeituni. Na sisi tulioko huku Chiungutwa, kati ya majabali ya Masasi na nchi ya juu ya Makonde, tumezungukwa na mikorosho, miembe na mibuyu, na katika vichaka vyetu imo ming'oko ambayo mama zetu huichimba wakati wa njaa, na hata wakati wa shibe hawaiachi. Mimea hii tumeizoea, na kwa kuizoea huko watu wengi hudhani kwamba hapana tena mmea duniani usiojulikana. Kwamba wataalamu wamekwisha kuihesabu yote na kuiandika vitabuni, na kazi imekwisha.

Dhana hiyo si kweli. Kila mwaka wataalamu wa mimea ulimwenguni huandika habari za mimea ipatayo 2,000 ambayo haikuwa na jina katika vitabu vyao. Mingine hupatikana katika misitu mikubwa isiyofikika, lakini mingine hupatikana karibu sana na nyumba za watu, mahali ambapo watoto hupita wakienda kuteka maji. Na miongoni mwa mahali panapotoa mimea ya namna hiyo kwa wingi, ni penye majabali ya mawe ya chokaa.

Katika makala haya twataka kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa vijana, habari ya ua moja lililotoka katika mawe ya chokaa ya Tanga likaingia katika nyumba za watu wa dunia nzima. Na kwa njia ya ua hilo tueleze jinsi mmea mpya unavyotambulikana na kupewa jina, kisha tuone yapi yanatupasa sisi wenye nchi.

JIWE LA CHOKAA NA WAKAZI WAKE

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana jiwe la chokaa. Msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake. Wazee wetu walikuwa wakipanga magogo, wakaweka mawe juu yake, wakayatia moto mpaka yakawa meupe na mepesi. Kisha huyamwagia maji yakageuka unga, na unga huo ndio uliosimamisha kuta mamia ya miaka.

Asili ya jiwe hili ni bahari. Makombe, matumbawe na viumbe vidogo vya baharini, baada ya kufa kwao, vilirundikana chini ya maji muda wa mamilioni ya miaka, vikashindiliwa vikawa jiwe. Kisha nchi ikainuka na bahari ikarudi nyuma. Ndiyo maana waweza kuona kombe ndani ya jiwe lililo mbali na maji ya chumvi. Jiwe hili lina tabia moja isiyo ya mawe mengine: maji ya mvua, ambayo yana uchachu kidogo, hulila polepole. Hulipasua, hulitoboa, na mwisho hufanya ndani yake mashimo na mapango kama yale ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, au yale ya Nang'oma katika milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa.

Sasa tazama hali ya mmea unaoishi hapo. Juu ya jabali udongo ni haba, wala maji hayakai. Wakati wa kiangazi jiwe huwa la moto kama kikaango. Lakini ndani ya nyufa, upande usiopigwa na jua, mna kivuli, mna unyevu, na mna udongo mweusi kidogo uliotokana na majani yaliyooza. Mmea wa kawaida hauwezi kuishi huko. Wale wanaoweza ni wachache, na wameumbwa kwa hali hiyo hasa. Na ukiwatoa hapo ukawapeleka katika udongo mzuri wenye magugu makubwa, hushindwa.

Tena majabali haya hayakuungana. Pana jabali hapa, na jingine mwendo wa siku nzima, na katikati yake ni nchi ya udongo mwingine kabisa. Basi kila jabali ni kama kisiwa baharini, na mimea yake ni kama watu wa kisiwa ambao hawana chombo cha kusafiria. Baada ya zama nyingi watu wa kila kisiwa huwa na sura yao. Kwa hiyo hutokea mmea ukawa unapatikana katika kilima kimoja tu katika dunia nzima. Mambo haya hayapo Afrika peke yake. Katika majabali ya chokaa ya China ya kusini, ya Vietnam na ya Malaysia, wataalamu hupata mimea mipya karibu kila mwaka. Na ukoo mmoja wa maua ya China, uitwao Primulina, umefika zaidi ya aina 100, ambazo nyingi zake huishi katika mawe hayo. Nao ni jamaa wa ua letu tutakalolitaja sasa.

UA LA TANGA

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, nchi yetu ilipokuwa chini ya Wajerumani, alikuwako Tanga mkuu wa wilaya aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Bwana huyu alikuwa akipenda mimea. Katika matembezi yake aliona ua dogo la rangi ya buluu ya urujuani. Mwenyewe alieleza kwamba aliliona mahali pawili: mahali pamoja ni karibu na mji wa Tanga, mwendo upatao saa moja, katika nyufa za mawe ya chokaa chini ya kivuli cha miti, na pa pili ni katika msitu wa milima ya Usambara.

Mwaka 1892 alimpelekea baba yake habari za ua hilo pamoja na mmea wenyewe. Baba yake alikuwa akikaa Fischbach, katika nchi ya Silesia, ambayo wakati huo ilikuwa ya Ujerumani na sasa imo katika Poland. Naye pia alikuwa mpenzi mkubwa wa miti na maua. Mzee yule akampelekea Hermann Wendland, aliyekuwa mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland alilipanda, akalitazama kila kiungo chake, akalilinganisha na maua mengine aliyoyajua, akaona kwamba halifanani na ua lolote lililoandikwa. Si aina mpya tu, bali alihukumu kuwa ni ukoo mpya. Mwaka 1893 akaandika sifa zake katika jarida la Kijerumani la mambo ya bustani, akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima ya baba na mwana wa nyumba ya Saint Paul. Na la pili limetokana na Kiyunani, maana yake ni lenye maua kama ya urujuani. Mwaka huo huo likaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya maua katika mji wa Ghent, nchi ya Ubelgiji, na watu wakalistaajabia.

Ua lenyewe si kubwa. Majani yake ni manene kidogo, yana vinyweleo kama mahameli, nayo hukaa chini yakizunguka kama sahani. Katikati hutoka vikonyo vyembamba vyenye maua, na ndani ya kila ua mna vifuko viwili vya rangi ya manjano vyenye unga. Kikonyo cha kike cha ua hakisimami katikati kama ilivyo katika maua mengi, bali huinama kuume au kushoto. Tena ule unga haumwagiki ovyo. Nyuki wa mwitu hulishika ua, akatetemesha mwili wake kwa mvumo, ndipo unga ukatoka. Wataalamu wameliona jambo hilo katika milima ya Taita, nchi ya Kenya, ambako pana ua la ukoo huu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Na jani lake moja, likichomekwa katika udongo wenye unyevu, hutoa mizizi na mmea mwingine. Nani aliyemfundisha nyuki yule mvumo wake, na nani aliyeliweka ua lile katika ufa unaolifaa? Mwenye kutafakari atajua.

KUONA SIYO KUTAMBUA

Hapa yapasa tusimame kidogo, kwa sababu vijana wengi husema: "Yule Mjerumani amegundua nini, na hali watu wa Tanga walikuwa wakiliona ua lile kila siku?"

Maneno hayo yana haki ndani yake. Hapana shaka kwamba wenyeji walilijua ua lile kabla ya yeye kuzaliwa. Wachungaji, wakata kuni na waganga walipita hapo vizazi na vizazi. Wala si wao tu. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, alikwisha kulichuma na kulipeleka Kew, karibu na London, penye hazina kubwa ya mimea. Na mwaka 1887 akalichuma pia W. E. Taylor, yule padre wa Mombasa aliyekuwa hodari wa Kiswahili, ambaye alikusanya methali zetu katika kitabu kilichotoka mwaka 1891, na ambaye rafiki yake Mwalimu Sikujua alimsaidia kukusanya mashairi ya Muyaka. Lakini mimea waliyopeleka wawili hao haikutosha kwa kuandika sifa zake kamili. Ikakaa kabatini bila ya jina, mpaka Wendland alipolipata ua likiwa hai mikononi mwake.

Kwa hiyo kuna mambo matatu, na kila moja lina daraja yake. La kwanza ni kuona. Na hilo wenyeji walikuwa nalo. La pili ni kupambanua, yaani kujua kwa hakika kwamba kitu hiki sicho kile, kwa alama zinazoweza kuonyeshwa. La tatu ni kuandika na kuweka ushahidi, ili mtu mwingine, hata baada ya miaka mia, aweze kuhakikisha. Wataalamu hawasemi kwamba mmea ni mpya kwa kuwa umeumbwa jana. Wasema ni mpya katika maandiko. Nasi tukitaka majina yetu na elimu yetu ihesabiwe, hatuna budi kuyashika yote matatu, wala tusikomee katika lile la kwanza tukabaki kunung'unika.

Katika jambo hili sisi Waislamu hatuanzi leo. Twasoma kwamba Nabii Adam, amani iwe juu yake, alifundishwa majina. Na wanavyuoni wetu wa zamani walishughulika na mimea kwa bidii kubwa. Abu Hanifa al-Dinawari, aliyeishi katika karne ya tisa ya miladi, alitunga kitabu cha mimea. Ibn al-Baytar, aliyetoka Malaga katika Andalusia na kufariki Dameski mwaka 1248, alisafiri nchi nyingi akitazama miti na majani kwa macho yake, akaandika habari za dawa zipatazo 1,400. Hao hawakuridhika na kusikia, walikwenda wakaona.

NAMNA KAZI INAVYOFANYWA

Mwenye kutafuta mimea hutoka na vitu vichache: kisu, karatasi za magazeti, mbao mbili na kamba za kubania, daftari na kalamu. Akiona mmea asioujua, huchukua tawi lenye maua, na ikiwezekana lenye matunda pia, kwa kuwa jani peke yake halitoshi kuhukumia. Hulitandaza ndani ya gazeti, akalibana baina ya mbao, na kila siku akabadili karatasi zenye maji mpaka mmea ukakauka bila ya kuoza.

Lakini jambo kubwa kuliko hayo ni kuandika. Mmea uliokaushwa hupoteza rangi na harufu. Kwa hiyo mchumaji huandika pale pale: rangi ya ua, urefu wa mmea, jina la kijiji na kilima, namna ya udongo au jiwe, kimo cha nchi, mimea iliyo jirani, jina linalotumiwa na wenyeji, tarehe, na jina lake mwenyewe. Mmea usio na karatasi hiyo hauna thamani. Nasi tukilisikia jambo hili twakumbuka elimu yetu ya hadithi. Mtu akileta maneno, huulizwa: umeyapokea kwa nani, naye kwa nani? Maneno yasiyo na isnadi hayapokelewi, ijapokuwa ni mazuri. Na mmea usiojulikana ulitoka wapi, na nani aliuchuma, na lini, nao ni kama maneno yasiyo na isnadi.

Kisha mmea hupelekwa katika nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokauka. Afrika ya Mashariki tunazo: moja iko Nairobi, ambayo asili yake ni kituo kilichoanzishwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902; nyingine iko Arusha, na nyingine katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo mtaalamu huuweka mmea mpya kando ya jamaa zake wote waliokwisha kuandikwa. Hupima majani, huhesabu vifuko vya unga, hutazama vinyweleo kwa kioo cha kukuzia. Na siku hizi hutazama hata chembe za urithi zilizo ndani ya mmea. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka.

Akiwa na hakika, huandika sifa zake na kutaja wazi tofauti yake na jamaa zake. Huchagua kipande kimoja cha mmea kiwe shahidi wa jina hilo daima. Na kila atakayebishana baadaye hana budi kurejea kwa shahidi huyo. Jina huwa la maneno mawili, kwa kufuata desturi iliyothibitishwa na Linnaeus wa Sweden katika mwaka 1753: neno la kwanza ni la ukoo, na la pili ni la aina yenyewe. Zamani sifa zililazimu ziandikwe kwa Kilatini. Tangu mwaka 1935 mpaka 2011 hilo lilikuwa sharti kwa jumla, na kuanzia mwaka 2012 yaruhusiwa kwa Kiingereza pia. Mwisho habari zote huchapishwa, ili wenzake waipime hukumu yake. Kwa njia hiyo kiliandikwa kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sehemu nyingi, tangu mwaka 1952 hata mwaka 2012, nacho kimekusanya aina zaidi ya 12,000.

ELIMU HUJISAHIHISHA

Mtu asidhani kwamba jina likiisha kuandikwa mambo yamekwisha. Bingwa mmoja wa Uingereza, B. L. Burtt, aliyefanya kazi Kew kisha Edinburgh, aliyachungua maua ya Saintpaulia kwa miaka mingi baada ya vita kuu ya pili, na hesabu ya aina zake ikafika zipatazo 20. Alizitenga kwa namna ya vinyweleo, na sura ya majani na matunda. Mwaka 2006 mtaalamu mwingine, Iain Darbyshire, alipozitazama tena kwa ajili ya kile kitabu kikubwa tulichokitaja, aliona kwamba nyingi zake zinaingiliana, akazirudisha zikawa 6, na zilizobaki akazifanya matawi yake. Kisha mwaka 2015, baada ya kutazamwa chembe za urithi, wataalamu walihukumu kwamba ua hili si ukoo wa peke yake, bali ni tawi la ukoo wa Streptocarpus, jina ambalo maana yake ni tunda lililosokotwa. Basi katika vitabu vya leo ua la Tanga laitwa Streptocarpus ionanthus, ingawa wakulima wa maua waendelea kuliita Saintpaulia.

Baadhi ya watu hucheka wakisema, "Wataalamu wenyewe hawajui watakalo." Sivyo. Mwenye kurejea katika haki baada ya kupata ushahidi hakupungukiwa na heshima. Aibu ni kushikilia neno baada ya kubainika udhaifu wake.

Na pana somo jingine, la kuhifadhi. Katika miaka ya 1930 Mjerumani mmoja, H. J. Schlieben, alichuma mimea mingi Tanganyika, na sehemu kubwa aliipata katika nchi ya Lindi, jirani zetu. Mimea hiyo ilipelekwa Berlin. Mwezi wa Machi mwaka 1943, katika vita, nyumba ya mimea ya Berlin ilipigwa mabomu ikaungua, na mashahidi wengi wa majina wakageuka majivu. Lililookoa ni kwamba Schlieben alikuwa amegawa vipande vya mimea ile ile katika nyumba nyingine za nchi mbalimbali. Mwenye kitabu cha thamani asiwe na nakala moja.

UA LAZUNGUKA DUNIA, NA NYUMBANI LAPUNGUA

Baada ya maonyesho ya Ghent mbegu zilianza kuuzwa Ulaya. Karibu na mwaka 1926 wauza maua wa Los Angeles, katika Marekani, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua miche kumi iliyokuwa mizuri zaidi, na kutoka hiyo zikazaliwa rangi na sura nyingi: nyeupe, za waridi, zenye madoa, zenye maua mafungu mafungu. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili Marekani waliunda chama chao. Leo limo katika madirisha ya nyumba zisizo na idadi, katika nchi za baridi ambako theluji imefunika bustani. Na wengi wanaolimwagilia maji hawajui Tanga iko wapi.

Sasa tugeuze uso tutazame nyumbani. Ua la mwitu la ukoo huu halipatikani ila Tanzania na Kenya tu, tena mahali pachache, kila mahali aina yake au tawi lake. Wilaya ya Kilifi, pwani ya Kenya, lipo tawi lake linaloishi katika majabali ya chokaa kama yale ya Chasimba. Nalo limehesabiwa katika mimea iliyo karibu kabisa na kutoweka. Ua halikatwi na mtu. Hapana anayelitaka kwa kuni wala kwa ujenzi. Hufa kwa sababu miti iliyo juu yake imekatwa. Kivuli kikiondoka, jua hupiga jiwe, ufa hukauka, na ua lililostahimili zama na zama humalizika katika msimu mmoja. Hivyo ndivyo ilivyo: huenda mtu akaua kitu bila ya kukigusa.

Na pana mti mmoja ambao habari yake yatisha zaidi. Waitwa Karomia gigas. Ulichumwa mara ya kwanza pwani ya Kenya mwaka 1977, na baada ya miaka michache miti iliyojulikana huko ikakatwa. Ukadhaniwa umekwisha. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena huku kwetu kusini, wilaya ya Kilwa, nao ilikuwa miti 6 tu. Mbegu zake nyingi hazina uhai ndani. Maelfu yake yalipelekwa Marekani katika bustani ya Missouri, na iliyopatikana ni miche michache. Laiti miti ile sita ingalikatwa kwa kuchoma mkaa, magunia mangapi yangalipatikana? Nayo thamani yake nani angaliirudisha?

Hatari ya majabali ya chokaa ina jambo lake la peke yake. Msitu uliokatwa huweza kuota tena, ukiachwa. Lakini jabali lililovunjwa haliroti. Na jiwe la chokaa lina wateja wengi, kwa kuwa ndilo linalofanya saruji. Viwanda vya Tanga, Dar es Salaam na Bamburi vyalitumia, na huku mkoani kwetu kilifunguliwa kiwanda kikubwa mwaka 2015, karibu na mji wa Mtwara. Hatusemi saruji ni ubaya. Misikiti yetu, madrasa zetu, visima vyetu na zahanati zetu zimejengwa kwa saruji, na vijana wetu hupata kazi huko. Tunalosema ni kwamba kabla ya kuvunja kilima, watu wapande juu yake watazame nani anaishi humo. Ikiwa upo mmea ambao haupo mahali pengine, basi kilima hicho kiachwe na kivunjwe kingine. Kwa kuwa mawe ya chokaa yako mengi, na mmea ule ni mmoja.

YANAYOTUPASA

Huenda msomaji wetu wa Masasi au Newala akasema: "Hayo ni ya Tanga na Kilifi, sisi majabali yetu ni ya namna nyingine, na nchi ya Makonde ni mchanga mwekundu." Kweli, lakini majabali ya Masasi nayo ni visiwa vilivyotengana, na vichaka vya Makonde, vilivyokuwa vizito hata mtu hapenyi, vimepungua sana kwa mashamba ya korosho. Hakuna ajuaye yote yaliyomo katika vilivyobaki, isipokuwa Muumba wake.

Basi twawausia wazazi na vijana mambo manne.

Kwanza, waulizeni wazee. Bibi zetu wana majina ya mimea kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, na wanajua ipi huliwa, ipi ni dawa na ipi ni sumu. Kila akifariki mmoja hufungwa kitabu ambacho hakina nakala. Kijana mwenye daftari aandike jina, mahali, matumizi, na jina la aliyemweleza. Hiyo ndiyo isnadi yake.

Pili, anayeona mmea wa ajabu asiung'oe. Apige picha kwa simu yake, ua kwa karibu, na jani, na mahali ulipo. Kisha awape habari watu wa misitu au walimu wa Chuo Kikuu. Kuchuma katika msitu wa hifadhi kwataka ruhusa, na kung'oa mmea uliobaki mmoja ni dhuluma.

Tatu, viacheni vivuli vya vijito, vya mapango na vya majabali. Eneo hilo ni dogo, wala shamba lako halitapungua sana kwa kuliacha.

Nne, someni. Ua la Tanga lilipewa jina la ugenini kwa sababu wakati ule hapakuwa na mtoto wa Tanga aliyefundishwa kazi ile. Leo wako Watanzania na Wakenya mabingwa wa elimu ya mimea, ambao huandika majina wenyewe. Na mapatano ya mataifa yaliyofanywa Nagoya, Japani, mwaka 2010, yametaka wenye nchi wapate fungu lao katika faida ya mimea yao. Lakini fungu halimfuati aliyelala. Mtoto anayehifadhi juzuu kwa moyo na kupambanua herufi kwa makhraji yake, ana akili ya kutosha kupambanua jani na jani.

Sisi walimu wa chuo twawafundisha watoto kwamba mwanadamu amewekwa katika ardhi kuwa mwangalizi, na mwangalizi ataulizwa. Ua dogo katika ufa wa jiwe halina ulimi wa kudai haki yake hapa. Lakini twajua yuko asiyesahau hata jani moja likianguka. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona, akili ya kupambanua, na mikono isiyoharibu. Amin.